Kadi ya Kalekye Haitakoma

Mpendwa Baba Njoroge,

Ndugu yako Kariuki alikuja Jumapili baada ya ibada, akaketi kwenye kiti chako bila kuambiwa karibu, akanywa chai yangu yote, akapangusa masharubu, ndipo akanitangazia kwamba kwa kuwa wewe hupo tena, matumizi ya nyumba hii lazima yapunguzwe. Na cha kwanza kupunguzwa, alisema, ni stempu ya Kalekye.

"Shemeji," akaniambia, "mjane kumlipia msichana wa kazi bima ya hospitali, hiyo ni nini?"

"Hiyo ni bima ya hospitali," nikamjibu.

Hakucheka. Wewe ungecheka, kisha ungekasirika kwamba umecheka. Yeye alinitazama tu kama mtu aliyeletewa suruali niliyoshona mimi, anayetafuta pa kuanzia kulalamika.

Naandika barua hii wazi, Baba Njoroge, isomwe na anayetaka. Kariuki akiiona aisome. Akina mama wa bombani waisome, na asiyejua kusoma asomewe, maana wao pia wana sehemu yao humu na sijaisahau. Nataka ijulikane kwa nini kila mwezi, kodi ya kaunsili ikishalipwa, mimi huenda posta nikanunua stempu moja ya bima ya hospitali, nikaja kuibandika kwenye kadi yenye jina la mwanamke anayenipikia na kunifulia. Na wewe nakutaka uwe shahidi wangu, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kukataa.

Unakumbuka Kalekye alivyofika? Shangazi yake, yule aliyekuwa akiuza sukuma wiki sokoni, alimleta asubuhi akiwa na kiondo kimoja na kicheko kikubwa kuliko kiondo. Njoroge alikuwa bado anatambaa. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, nikipigana na zile suruali za miguu mipana ambazo kila kijana wa mtaa wetu wa Mbotela alizitaka na ambazo mimi nilizitoa mguu mmoja ukiwa mpana kuliko mwenzake. Nilikuwa nimepika chapati za kumkaribisha mgeni. Aliichukua yake, akaigeuza huku na huku, akauliza kwa heshima kabisa, "Mama, hii ni ramani ya wapi?"

Ulicheka mpaka chai ikakutokea puani. Tangu siku hiyo sikupika tena chapati katika nyumba hii, ila siku tatu nitakazozitaja, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunisihi.

Akambeba Njoroge. Akaja Wambui, akambeba Wambui. Mimi nikashona, wewe ukaenda kiwandani, na nyumba ikasimama juu ya mgongo wa msichana mmoja wa Machakos bila sisi kuuliza mgongo huo unasimama juu ya nini.

Na unamkumbuka Atieno. Ni yule msichana wa kazi wa nyumba ya mwisho katika laini yetu ya nyumba za kaunsili, mwembamba, aliyekuwa akiimba akianika nguo. Alipoanza kukohoa, waliomwajiri walimpa mapumziko, kisha dawa ya dukani, kisha nauli. Akapandishwa basi la kwenda kwao na shuka begani. Mwezi haukuisha, habari zikaja kwamba amefariki. Na hapo, Baba Njoroge, niliona ajabu ambayo mpaka leo haijanitoka machoni. Laini nzima iliamka. Karai likawekwa juu ya meza mbele ya nyumba ile, wewe ukiwa mlinzi wa karai, na kila aliyetoa akaitwa jina kwa sauti: Baba Otis ametoa! Mama Kibe ametoa! Makofi yakapigwa. Kabla jua halijazama jeneza lilikuwa limepatikana, la mbao nzuri, pamoja na nauli ya wawakilishi wa kwenda kuzika.

Kikohozi kilikuwa kimekaa nasi wiki kwa wiki, na hakuna aliyekiwekea karai.

Siku ile sikusema kitu. Watu wakiniona nilivyo mnene hudhani nina ujasiri wa mwili mzima. Ujasiri wangu wote uko kwenye ulimi, na ulimi wenyewe huchelewa kufika. Lakini siku chache baadaye mwalimu mmoja, aliyekuja kuchukua sare za watoto wake, aliniambia kwamba bima ya hospitali si ya watu wa ofisini peke yao. Yeyote anaweza kujiandikisha kwa hiari yake, mradi stempu inunuliwe kila mwezi. Nikakuandalia githeri yenye viazi vingi, kama unavyoipenda, nikangoja ushibe.

"Baba Njoroge, nataka tumwandikishe Kalekye bima ya hospitali."

Uliweka kijiko chini. "Kalekye anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi unamchuria."

Ulilitamka neno hilo polepole, kana kwamba ukilisema kwa nguvu ugonjwa wenyewe utaitika mlangoni. Kumtajia mtu maradhi kabla hayajaja ni kuyaita: ndivyo ulivyolelewa, ndivyo nilivyolelewa, ndivyo ilivyolelewa laini yote.

"Wewe mwenyewe unakatwa pesa za hospitali kiwandani kila mwisho wa mwezi," nikasema. "Mbona hujafa?"

"Mimi nakatwa. Sitoi. Kukatwa si kutoa, Mama Njoroge. Anayetoa kwa mkono wake ndiye anayeita."

Nilikaa nikalifikiria hilo. Ulikuwa fundi hodari wa mitambo, mume wangu, lakini kuna siku akili yako ilikuwa ikikaza nati kwa upande usio wake.

"Na kile chama chenu cha watu wa nyumbani? Si unatoa kwa mkono wako, tena wewe ndiye mweka hazina? Zile pesa ni za kazi gani?"

"Za kusafirisha maiti."

"Maiti ya nani?"

Ukakiokota kijiko, ukakiweka tena.

"Jeneza unalilipia bila kutetemeka. Kitanda ndicho uchuro?"

"Jeneza ni lazima," ukasema. "Kitanda ni bahati." Kisha ukasimama, ukajipiga kifua kwa kiganja, pap, ukatoa ile kauli yako ambayo majirani waliisikia kupitia ukutani: "Mtu wa nyumba hii akiugua nitamtibu mimi. Bima ni mimi!"

Ulisema vizuri. Hata mimi nilipendezwa kidogo. Ulikuwa na kifua kipana, na fulana nyeupe iliyopigwa pasi na Kalekye.

Asubuhi yake habari zilikuwa zimefika bombani kabla ya ndoo yangu.

"Ati Mama Njoroge anamwandikisha yaya hospitali!" Mama Kibe akasema, akijitanua ili nisipate pa kuweka ndoo. "Kesho atamwandikia pensheni."

"Na kesho kutwa amkatie shamba!"

"Nyinyi chekeni," akasema Mama Otis, na huyu hakuwa na mzaha. Alinishika mkono. "Unatuharibia wasichana, mama. Wangu ameshaniuliza kadi yake iko wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia aoshe sufuria."

Ulimi wangu siku hiyo haukuchelewa. Niliwaambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa Wambui anajua kusoma, lakini mwisho wake ulikuwa huu: aliyechangia jeneza la Atieno asinifundishe ubaya wa kuchangia kitanda. Ndoo yangu ikajaa. Nikaiinua kwa madaha yote ya mtu aliyeshinda, nikateleza kwenye utelezi wa sabuni, nikajimwagia maji kuanzia kichwani. Maneno yangu waliyasahau. Maji wanayakumbuka hadi leo.

Lakini aliyenishangaza zaidi ni Kalekye mwenyewe. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza akikwangua ukoko wa ugali, akasema, "Mama, afadhali viatu."

"Viatu utapata. Hii ni ya siku ukiugua."

"Kwani nani amesema nitaugua?"

"Hakuna aliyesema."

"Sasa hiyo kadi ikikaa hapa ninapolala, si itakuwa inaniangalia tu? Inaningoja?"

Na wewe, nyuma ya gazeti lako, ukawa unatikisa kichwa kukubaliana naye. Bwana na yaya mkawa chama kimoja, mimi upinzani. Nilijaribu kubembeleza, nikajaribu kununa, nikajaribu kunukuu Maandiko nikanukuu vibaya ukanisahihisha. Mwishowe nikatumia silaha niliyobaki nayo. Nikatangaza kwamba kuanzia siku ile chapati za nyumba hii nitapika mimi.

Mlivumilia siku mbili. Ya tatu ulisukuma sahani, ukashika shavu kama mtu aliyeumwa na jino, ukasema, "Haya. Tumwandikishe."

Mapatano yakawa haya: nusu ya stempu nitoe mimi kwenye cherehani, nusu wewe kwenye mshahara, na kadi yenyewe isilale chini ya paa letu. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la Kalekye, nawe ulilikubali upesi mno kwa mtu aliyekuwa akijidai haogopi. Tukaipeleka kwa Mama Fatuma, mlango wa tatu kutoka kwetu.

"Leteni," akasema Mama Fatuma. "Mie uchuro hauniwezi. Nimezika waume wawili na wanja bado napaka." Akaichomeka kadi nyuma ya saa yake ya ukutani, akatukaribisha kahawa.

Viatu nikanunua pia, maana nilikuwa nimeahidi. Na gauni nikamshonea juu yake. Alilivaa mara moja, kwa heshima. Baadaye nililiona likifuta meza.

Mwaka ulipokwisha bila Kalekye kuugua uliniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Mama Njoroge, mwaka huu tumelipia hewa?"

"Tumelipia."

"Hewa ilikuwa safi?"

"Safi sana."

"Basi Mungu asifiwe." Ukatoa nusu yako.

Mwaka uliofuata ukauliza tena, na uliofuata tena, mpaka Njoroge akajua kukujibu kabla yangu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Kariuki anasema wewe hukuupenda mpango huu hata siku moja. Kweli, ulilalamika kila mwezi. Na kila mwezi ulitoa. Mimi nimeishi na mdomo wako na nimeishi na mfuko wako, na ninajua ni upi kati ya hiyo miwili uliokuwa ukisema kweli.

Kisha ikaja ile Jumamosi.

Ulikuwa na fulana yako, redio sikioni, mpira ukitangazwa. Kalekye alikuwa akifua uani. Nilisikia karai likianguka. Nilipotoka nilimkuta amejikunja, mkono kwenye tumbo upande wa kulia, uso umekuwa kama majivu. Ulisema apewe maji ya chumvi. Alipokunywa akayarudisha, ulizima redio, na hapo nilijua kwamba umeogopa, kwa sababu timu yako ilikuwa inaongoza.

Baba Otis alitutoa kwa pikapu yake ya viazi. Katika hospitali ya misheni daktari alimgusa tumbo mara moja tu, Kalekye akapiga ukelele. Kidole tumbo. Akasema akatwe leo hii, na tusicheze na saa. Karani hakuwa mtu mbaya, alituuliza tu kama alivyopaswa kuuliza: mgonjwa ana kadi, au tunaweka amana?

Ukajipiga kifua. Nilikuona, Baba Njoroge. Mkono wako uliufikia ule ule mfupa wa kifua. Kisha ukauteremsha taratibu mpaka mfukoni, nawe ukatoa kilichokuwamo: leso, tiketi ya basi ya zamani, na kizibo cha soda. Ilikuwa katikati ya mwezi.

Ukakitazama kizibo. Ukanitazama mimi. "Ufunguo wa Mama Fatuma uko kwa nani?"

"Kwa Mama Fatuma. Naye yuko harusini, mtaa wa Ziwani."

Ulitoka mbio kama ulivyo, na fulana. Mengine nimesimuliwa na watu wengi sana, maana Ziwani nzima ilikuona. Uliazima baiskeli ya mtu aliyekuwa akiuza mayai hapo langoni, ukaiendesha na kasha la mayai likiwa bado nyuma. Ulifika harusini ukauliza aliko Mama Fatuma, mwanamume mmoja akakuonyesha hema la wanawake kwa kidole, akidhani utangoja nje. Hukungoja.

"Shoga," Mama Fatuma aliniambia baadaye, akipangusa machozi ya kicheko, "mumeo aliingia kwa wanawake kama fahali aliyekata kamba. Mabega nje! Bi harusi kajifunika, shangazi zake wakapiga vigelegele wakidhani ni mchezo tuliowaandalia. Nami namsikia akiita, 'Mama Fatuma, Kalekye anakufa!' Vigelegele vikakatika."

Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akakupa ufunguo. "Kadi iko nyuma ya saa. Usiiangushe saa yangu." Na ulipogeuka akakuita tena. "Chukua na sinia hili. Mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu."

Ndivyo ulivyorudi hospitali, Baba Njoroge: fulana imekuganda mwilini, kadi kati ya meno, sinia la pilau juu ya kasha la mayai. Hakuna yai lililovunjika. Nimeshona miaka mingi katika mji huu na sijawahi kufanya kazi safi namna hiyo. Karani aliichukua kadi, akapitisha kidole kwenye stempu zote, hapakuwa na pengo. Akaipiga mhuri. Kalekye akapita mlangoni kwenye kitanda cha magurudumu.

Uliketi kwenye benchi, ukahema mpaka nikadhani wewe ndiye utakayefuata. Nikangoja useme kitu cha busara.

"Mama Njoroge," ukasema, "kazi ya bima ni ngumu."

Alipozinduka, jambo la kwanza alilotafuta Kalekye lilikuwa sisi, na la pili lilikuwa la kutulaumu. Sauti haikuwa imerudi vizuri lakini aliitumia yote. "Si niliwaambia? Mmelipia, mmelipia, mmelipia. Ona sasa! Ugonjwa umekuja!"

Tukatazamana mimi nawe. Mpaka leo hoja hiyo sijaivunja. Kadi ikarudi nyuma ya saa ya Mama Fatuma, na ikakaa huko. Lakini tangu Jumamosi ile hukuniachia tena kazi ya kwenda posta. Ulikuwa ukiinunua stempu mwenyewe, ukiilamba mwenyewe, ukiibandika kwa ule ukucha wako mweusi wa grisi, ukiipiga ngumi ndogo ishike. Hukueleza kwa nini, nami sikuuliza. Mwanamke akishinda vita na mume asimhesabie majeruhi.

Nimekawia kufika hapa kwa sababu hapa sipendi.

Moyo wako ulikukataa kazini asubuhi, Jumatatu, karibu na mashine uliyokuwa ukiisifia kuliko ulivyonisifia mimi. Walikuchukua mpaka hospitali, na zile pesa ulizokatwa miaka yote zikakulipia kitanda, wewe uliyesema kitanda ni bahati. Ulikilalia siku chache. Halafu watu wa chama chenu wakaja, haraka, wote, wakiwa wamevaa makoti, na jeneza lako lilikuwa limelipiwa. Hakuna aliyelazimika kuweka karai. Kalekye ndiye aliyenishika pande zote mbili pale makaburini, na mimi si mzigo mwepesi.

Bima ulikuwa wewe, Baba Njoroge. Nami nakutania hapa, lakini ulikuwa wewe kweli. Ndiyo maana ninamwona Kariuki hajui analolisema. Kama bima ni kifua cha mtu mmoja, basi kifua kikisimama imekwisha. Nani ajuaye hilo kuliko mimi ninayelala upande mmoja wa kitanda kwa mazoea?

Sasa nikurudishe Jumapili, kwenye kiti chako na masharubu ya ndugu yako.

"Shemeji, una cherehani moja na watoto wawili," akasema. "Huyo msichana arudi kwao. Ukimng'ang'ania, haya, lakini kadi ikome. Akiugua tutamchangia. Kwani sisi hatuko?"

"Najua mtamchangia, Kariuki. Nimewaona mkichanga."

"Sasa?"

"Sasa nataka kumwona yeye akiamka, si nyinyi mkipiga makofi."

Njoroge naye akaingilia. Amekuwa mrefu, ana ndevu kumi na mbili ambazo anazichana, na amepata kibarua cha tarishi mjini, basi anajua kila kitu. "Lakini mathe, kusema ukweli, hiyo chapaa ni ya bure. Si ungenunua hata tivii? Laini yote ni sisi tu hatuna."

"Wewe," nikamwambia, "ulitapika kwenye mgongo gani ulipokuwa na surua?"

Akatazama viatu vyake.

"Uliujua huo mgongo kabla hujanijua uso. Ndio ninaoulipia. Siku utakaponiambia ulitapika kwenye tivii, nitanunua tivii."

Kariuki akakohoa, akasema mimi ni mkaidi, kwamba ulinidekeza. Nikakubali yote mawili. Nikamwambia na la tatu ajue: kwamba kadi ya Kalekye haitakoma mwezi huu, wala ule mwingine, wala kwa kikao cha ukoo. Nusu yangu ninayo. Nusu yako nimeichukua pia; nimepokea kazi ya kushona majoho ya kwaya yote, Mungu awarehemu wanakwaya. Na akina mama wa bombani, mliosema nitawaharibia wasichana, nawaambia hapa hapa hadharani: natumaini nimewaharibu. Natumaini kila mmoja wao amewauliza, na amewauliza tena baada ya kuosha sufuria.

Tulidhani Kalekye hakusikia, kwa kuwa jikoni kulikuwa kimya. Kumbe alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma hadi kwa Mama Fatuma. Aliingia kupitia mlango wa mbele, vumbi miguuni, mkononi ana kadi yake, mkono wa pili msumari na jiwe la kusagia viungo. Hakumsalimu Kariuki, yeye ambaye husalimu hata paka. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta ulikotundikwa picha yako, ile uliyopigwa na tai ya kuazima, akapigilia msumari chini yake, akaitundika kadi kwa uzi wangu mwekundu.

Miaka yote hii, Baba Njoroge, hakuwahi kukubali ilale chini ya paa moja naye.

"Kalekye," nikamwuliza, "na uchuro?"

"Ugonjwa ukitaka kuja uje. Anwani ni hii." Akarudi nyuma hatua moja, akatazama kama imenyooka. "Baba alisema bima ni yeye. Basi ikae naye."

Kariuki akatafuta kofia yake. Ilikuwa kichwani.

Stempu ya mwezi huu nimeilamba mimi. Ina ladha mbaya sana, na wewe hukuwahi kusema. Nimeibandika, nikaipiga ngumi ndogo kama ulivyokuwa ukifanya, na picha ikatikisika ukutani. Nikachukulia kwamba umecheka.

Lala salama, mpinzani wangu. Huku tunaendelea kulipia hewa, na hewa ni safi.

Ni mimi, bima iliyobaki,
Mama Njoroge wako.